Ndevu si Kitu, Siku Zako Ndizo Zinanitia Wasiwasi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, dagaa wamepanda bei tu. Ujumbe wako nimeusoma. Umeeleza kwa kirefu habari za vinyweleo vya kidevuni, chunusi, na wembe unaouficha chini ya godoro wenzako bwenini wasiuone. Halafu mwishoni, kama jambo la kupita, ukasema siku zako hujaziona miezi minne. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Nilipokuwa kazini wodini, wasichana wa namna yako walikuja wengi, na wengi walishaambiwa huko mtaani kwamba wana jini mahaba au wamerogwa. Achana na maneno hayo. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, zinatoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Tabu ni zikizidi. Mara nyingi chanzo ni ile hali ya ovari kujaa vifuko vidogo vya mayai yasiyopevuka, ambayo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Mwili ukishindwa kuitikia vizuri insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, kongosho huzidi kuimwaga, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari kutengeneza testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume. Ini nalo hupunguza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, basi inabaki huru: ndevu zinaota, nywele za utosini zinapungua, yai halipevuki, hedhi haiji. Utando wa ndani ya mji wa mimba hautoki, unaendelea kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka na miaka unaweza kuleta saratani. Kwa hiyo ule utani wako wa kuokoa pesa ya pedi sikuucheka. Na sukari wakupime, kwa baba yako kisukari kipo.

Zipo sababu nyingine pia: hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye hizo tezi za juu ya figo, au dawa, kama ile ya kifafa iitwayo valproeti. Krimu yako ya kung'arisha uso itupe. Nyingi zina steroidi, na steroidi huotesha chunusi na vinyweleo. Sauti ingekuwa nzito ghafla ndani ya miezi michache ningekwambia uende hospitali leo hii, maana hapo tunaogopa uvimbe. Hali yako imekuja polepole tangu kidato cha tatu.

Wiki hii nenda hospitali ya Kitete. Wataanza na kipimo cha mimba. Usinune, kila asiyeona siku hupimwa. Kisha damu: testosteroni, prolaktini (homoni ya maziwa), homoni za tezi ya shingo. Kwenye utrasaundi waambie mapema kwamba hujaolewa, wakupime juu ya tumbo. Kunywa maji mengi kibofu kijae, usiende chooni hata foleni ikiwa ndefu.

Wakikuandikia vidonge vya uzazi wa mpango usishtuke wala usifiche. Hapo ni dawa: vinatuliza ovari na kurudisha mpangilio wa siku. Ila kama una presha, au kichwa huuma hadi macho yanaona vimulimuli, mwambie daktari kwanza. Huenda wakakupa metformini kwa ajili ya insulini. Spironolaktoni husaidia kupunguza vinyweleo, lakini mwenye mimba haitumii, inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Ndevu zitachukua miezi sita au zaidi kupungua, kwa hiyo endelea kunyoa. Kunyoa hakuzifanyi kuwa nene, hayo ni maneno ya saluni. Ukipunguza kilo nne au tano kati ya hizo 80, siku zinaweza kurudi zenyewe. Ugali na migebuka kula, soda na chapati za kila asubuhi acha.

Aliyekwambia hutazaa mwambie anyamaze. Wengi wenye hali hii hushika mimba wenyewe, na anayechelewa hupewa dawa ya kupevusha yai. Chupa ya kusafisha kizazi uliyouziwa stendi usiionje tena.

Pesa ya vipimo nimeituma kwenye simu. Majibu yapige picha unitumie kabla hujanunua dawa yoyote. Baba yako anakusalimu. Sijamwambia, ukitaka ajue utamwambia mwenyewe.

Mama yako