Kabla hujaitupa miwani ya 3D, zima kwanza taa ya chumbani

"Kaka, hii miwani imekufa." Karibu kila anayetuletea dukani boksi la miwani ya 3D ya kuchezea gemu anaanza na maneno hayo. Tunapokea boksi, tunachomeka, tunavaa, na mara nyingi tunamrudishia mwenyewe miwani yake ikiwa nzima.

Miwani hii inaingia nchini na mizigo ya mtumba, pamoja na monita na kompyuta zilizotumika, nyingi zikipitia Dubai. Inafika bila kijitabu, pengine bila hata kebo yake. Muuzaji anakwambia "chomeka tu USB". Unachomeka, unavaa, unaona giza kidogo na picha mbili zilizopandiana. Hapo ndipo mtu anaamini ameuziwa takataka.

Nyingi tunazoletewa ni za 3D Vision, mfumo wa NVIDIA, kampuni ya kadi za picha, zilizoanza kuuzwa mwaka 2009, kwa hiyo maelezo mengi hapa yanazihusu hizo. Ukiwa na miwani ya plastiki uliyotoka nayo ukumbi wa sinema, hiyo ni habari nyingine: inataka monita yenye utando wake maalumu, na kwenye monita ya kawaida haitakuonyesha kitu. Miwani ya betri ya televisheni nayo huwa inaongea lugha ya televisheni yake tu. Ile ya karatasi, jicho moja jekundu na jingine buluu, inafanya kazi popote, lakini rangi za gemu zinaharibika kiasi kwamba sisi hatumshauri mtu aicheze zaidi ya robo saa.

Miwani hii inafanya kazi hivi. Wafikirie watoto wawili wanaopokezana kuchungulia tundu moja la mlango. Monita inaonyesha picha ya jicho la kushoto, kisha ya kulia, kisha ya kushoto, picha 120 kwa sekunde. Vioo vya miwani vina kimiminika kinachogeuka cheusi kikipata umeme, kwa hiyo kila picha ikitokea, jicho lisilohusika linafunikwa. Kila jicho linapata picha 60, na ubongo unaziunganisha kuwa umbo lenye kina. Anayewaambia vioo "sasa zamu yako" ni kisanduku kidogo cha infraredi kinachokaa juu ya meza. Watoto wakipishana zamu kidogo tu, vurugu. Kwa hiyo miwani yenyewe ndiyo kitu cha mwisho tunachokishuku.

Tunaanza na monita. Fungua mipangilio ya skrini uone kama hezi 120, yaani picha 120 kwa sekunde, ipo kwenye orodha. Ikiishia 60, ama monita si yenyewe, ama kebo inakuangusha. Na kebo inaangusha wengi. Monita za kwanza za mfumo huu zilitaka kebo ya DVI ya njia mbili. Itazame uso: ikiwa pini zimejaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, safu tatu za pini nane nane, ni yenyewe. Ikiwa katikati kuna uwazi wa pini sita, hiyo ni ya njia moja, na kwa picha ya 1920 kwa 1080 haivuki hezi 60. Kidude cha kugeuza HDMI kuwa DVI, kile cha bei ya soda mbili, nacho kina kikomo hichohicho. Tumeshawahi kumuuzia mtu kebo tu akaondoka anacheka, wakati alikuja kuulizia monita mpya.

Kisanduku kichomeke nyuma ya kompyuta moja kwa moja, kisipitie kigawanyio cha USB, na kisizibwe na spika au chupa ya maji, maana infraredi haipiti nyuma ya kitu. Kuna mbinu ya kujua kama kinatoa mwanga: washa gemu ya 3D, kielekezee kamera ya mbele ya simu, utaona nukta hafifu za mwanga ambazo macho hayazioni. Zikionekana, kisanduku ni kizima. Zisipoonekana, jaribu simu nyingine kwanza, kwani zipo kamera zinazochuja mwanga huo.

Sasa draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi ya picha, na hapa hakuna habari njema. NVIDIA walitangaza mwaka 2019 kwamba wanaachana na 3D Vision. Draiva ya mwisho kuibeba ni 425.31, ya Aprili mwaka huohuo. Ukiweka yoyote ya baadaye, ukurasa wa 3D unatoweka kwenye paneli ya NVIDIA kana kwamba haujawahi kuwepo. Mara nyingi si wewe uliyeiweka. Windows imejisasisha usiku, asubuhi unakuta miwani "imekufa". Dawa ni kuisafisha draiva iliyopo yote, kuweka 425.31, na wakati wa kuiweka kuhakikisha vipande viwili vya 3D vimewekewa alama ya tiki, cha picha na cha kisanduku. Watu wanasahau cha pili. Baada ya hapo izuie Windows isijichagulie draiva.

Hii ina maana pia kwamba kadi ya picha iliyotoka baada ya draiva hiyo haiitambui kabisa. Kadi zote za RTX 30 na kuendelea hazimo. Hata GTX 1650, iliyotoka wiki mbili tu baadaye, haimo. Mtu akikwambia ameiwezesha miwani hii kwenye kadi mpya kwa draiva ya kawaida, mwombe akuonyeshe kwa macho yako.

Tuje kwenye taa, maana hili lilitutesa wenyewe.

Kuna seti tuliyohangaika nayo siku mbili mezani kwetu. Kila kitu kilikuwa sawa: hezi 120, draiva ile, kisanduku kinawaka kijani. Lakini ukivaa, kila kitu kinapepesa hadi kichwa kinagonga. Tukabadilisha kebo. Tukabadilisha kompyuta. Tukaanza kuulaumu mtumba. Jioni ya siku ya pili umeme ukakatika, UPS ikashika kompyuta na monita, duka likawa giza. Mwenzangu, aliyekuwa bado ameivaa miwani, akasema taratibu, "Imetulia."

Juu yetu kulikuwa na tyubu mbili za kizamani, zile za choki na stata. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu ya namna hiyo inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Macho matupu hayaoni. Lakini miwani inalifungua jicho mara 60 kwa sekunde, na 60 haiendi sawa na 100. Tofauti kati ya 100 na mara mbili ya 60, yaani 120, inajitokeza kama kupepesa mara 20 kwa sekunde, na hiyo unaiona vizuri sana. Monita yenyewe ilikuwa imetulia muda wote. Kilichokuwa kinacheza ni ukuta, meza na mikono yetu, ila ukishavaa huwezi kutenganisha.

Wamarekani umeme wao ni hezi 60, taa zao zinapigana 120, zinakwenda pamoja na miwani, kwa hiyo ukiwauliza shida hii wengi watakushangaa. Sisi huku, Tanzania, Kenya, Uganda, na hata Uarabuni kwenye nchi nyingi, tuna hezi 50. Suluhisho la kwanza ni kuzima taa na kufunga pazia; gemu za 3D zinapendeza zaidi gizani hata hivyo. La pili, kama huwezi kuzima, ni kushusha monita kutoka hezi 120 hadi 100. Kila jicho litapata 50, na 50 inaingia kwenye 100 bila baki. Kupepesa kunaondoka papo hapo. Balbu za LED za bei rahisi zinaweza kukuletea shida ileile, basi usidhani umepona kwa sababu umeondoa tyubu.

Malalamiko mengine tunayoyasikia sana ni kivuli: nguzo nyeupe kwenye anga jeusi ina pacha wake hafifu pembeni. Hiyo ni picha ya jicho moja iliyochelewa kufutika wakati jicho la pili limeshafunguliwa. Haiishi kabisa, inapungua tu. Punguza ukali wa rangi kwenye monita. Iache ipate moto nusu saa kabla ya kucheza, maana kimiminika kilicho ndani ya kioo cha monita kinakuwa kizito kwenye baridi. Mteja wetu wa Arusha analijua hili kila mwezi wa saba. Utaona pia kivuli ni kibaya zaidi karibu na kingo za juu na chini kuliko katikati, na ni kawaida, kwa kuwa picha inachorwa kutoka juu kushuka. Monita zilizokuja na LightBoost, kuanzia mwaka 2011, ni nafuu sana kwa hili: taa yake ya nyuma inazimwa picha inapobadilika na kuwaka ikishatulia. Ukipata moja ya mtumba kwa bei ya kueleweka, ichukue.

Kichwa kuuma ni kitu kingine, na hapa tunawaomba wateja wetu wawe na rula. Ndiyo, rula ya shule. Simamisha gemu mahali unapoona kitu cha mbali kabisa, mlima au nyota. Vua miwani. Utaona milima miwili pembeni kwa pembeni. Pima umbali kati yao kwenye kioo cha monita. Ukizidi sentimita 6 hivi, umewalazimisha macho yako kutazamana kinyume, moja kulia na jingine kushoto, jambo ambalo maishani hayajawahi kulifanya. Mboni za mtu mzima zinaachana sentimita 6 na kidogo; za mtoto ni chini ya hapo, kwa hiyo mtoto mpunguzie zaidi. Kupunguza kina ni Ctrl na F3, kuongeza ni Ctrl na F4, au kigurudumu kilicho nyuma ya kisanduku. Mgeni aanze chini kabisa, apande kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Wenye projekta wasikilize hapa vizuri. Sentimita 6 kwenye monita ya inchi 23, ikitandazwa kwenye ukuta wa mita mbili, inakuwa sentimita 23 na zaidi. Mipangilio iliyokuwa tamu mezani inakuwa sumu ukutani. Anza upya na rula yako. Tena miwani ya projekta za DLP haihitaji kisanduku, inafuata mmweko unaotoka kwenye picha yenyewe, na mara nyingine inakamata zamu kinyume: kilicho mbali kinaonekana karibu, na uso wa mtu unabonyea kwa ndani kama bakuli. Usihangaike. Kwenye menyu ya projekta kuna sehemu ya kugeuza 3D, na miwani nyingi zinageuka ukishikilia kitufe chake.

Kwenye gemu yenyewe mambo ni mafupi. Icheze kwenye skrini nzima, ndani ya dirisha 3D haiwaki. Ctrl na T ndiyo swichi. Kadi inachora kila kitu mara mbili, basi usishangae gemu iliyokuwa nyepesi ikianza kukwama, shusha ubora. Vivuli na maji yakionekana yanaelea mahali pasipo pake, gemu hiyo haikutengenezwa kwa 3D, zima vivuli. Alama ya kulengea ikijigawa mbili kila ukimtazama adui, bonyeza Ctrl na F12 upate ile inayokaa kwenye kina cha shabaha.

Kwa wenye kadi mpya, wapo watu wa mtandaoni waliotengeneza njia zao. Geo-11 inazirudishia 3D gemu nyingi za DirectX 11, na SuperDepth3D, inayokaa ndani ya ReShade, programu ya kuongeza madoido kwenye gemu, inatumia taarifa za kina ambazo gemu yenyewe inazo kutengeneza picha ya kila jicho kutokana na picha ya kawaida. Zote zinaweza kutoa picha kwa televisheni ya 3D ya zamani iliyolala stoo kwa mjomba. Lakini usiziweke kwenye gemu za kushindana mtandaoni. Zinajipenyeza ndani ya gemu, mlinzi wa gemu, ile programu ya kunasa wadanganyifu, anakuona mwizi, na akaunti ikishafungiwa sisi hatuna ufunguo.

Je, ununue leo? Kama unaanza kutoka sifuri, monita, kadi na miwani vyote, ushauri wetu ni hapana, japo tunaviuza. Fedha hiyo ipeleke kwenye kifaa cha VR. Lakini kama tayari una kadi ya enzi zile na umepata seti ya mtumba, inafaa kuihangaikia. Gemu ya magari ndani ya 3D, kona unaiona inakuja, unajua wapi pa kukanyaga breki. Nimeicheza miaka na bado sijaichoka.

Kuna wateja wachache ambao tunawafungia kila kitu sawasawa na bado hawaoni kina. Mtu mwenye kengeza, au ambaye jicho moja lina nguvu kuliko jingine, anaweza asiione 3D popote, hata sinema. Huyo tunamrudishia hela yake. Na mwenye kifafa, au mwenye mtoto mwenye kifafa, tafadhali tuambie kabla hatujawasha chochote, miwani hii tutaiacha kwenye boksi.

Ukija dukani, usije na miwani peke yake. Njoo na kisanduku na kebo uliyokuwa unaitumia, hata kama unaona ni mbovu, na picha ya simu inayoonyesha jina la kadi yako na namba ya draiva. Miwani ichaji usiku kucha kabla hujaileta; betri zimezeeka, na nyingine zinataka masaa ndipo ziamke. Kupima hatutozi. Njoo jioni kama unaweza, mchana jua linapiga mezani kwetu na linaisumbua infraredi. Zile tyubu mbili tulishaziondoa.