Barua kwa walimu mnaosema "tukistaafu tutasafiri"

Wadogo zangu mliobakiza miaka mitano sita hivi mstaafu, habari za kazi na habari za majumbani. Nimekaa na hili jambo moyoni muda mrefu, leo nimeona niliandike.

Mi nilifundisha shule ya msingi hapa Mwanza, mzee wangu jiografia sekondari, miaka 34. Kila mwaka lazima achore mto Nile ubaoni, anaanzia hapa ziwani kwetu, Jinja, Khartoum pale unapokutana na Nile ya Buluu, Aswan, mpaka unapomwaga baharini. Siku moja, hata mtoto wa pili hatujampata, akaniambia mama hiki kitu nakichora tu sijawahi kukiona, tukistaafu twende tukaone unapoishia.

Tumeenda Misri mwaka juzi, yeye ana miaka 69 mi 65, na ndo maana nawaandikia, kwa sababu tungeweza kwenda mapema zaidi.

Nachowaambia ni hiki, hela ya safari msiitegemee kiinua mgongo. Kile kikitoka kina wenyewe tayari, kuna nyumba haijapauliwa, kuna mtoto anaoa, kuna shemeji ana wazo la kuku wa kisasa, na kikokotoo cha mafao mnakijua wenyewe. Mara ya kwanza tulijaribu kuweka kwenye akaunti moja na hela ya nyumbani, ikaishia kwenye ada. Sikujuta kusomesha, ila safari ikafa. Mara ya pili tukaweka SACCOS mbali kabisa, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, miaka 9, na tukakubaliana hata kukitokea msiba tutakopa kwingine lakini ile haiguswi. Ndo iliyotupeleka. Watoto waliposikia wakasema mama hela yote hiyo si mngeongezea kiwanja, nikawaambia wanangu viwanja vipo, magoti ya baba yenu ndo yanaisha.

Na magoti kweli yalituadhibu. Pale mjini Giza njia ya kuingilia ndani ya piramidi kubwa ni nyembamba na chini, unapanda umeinama, mzee akaenda hatua chache akarudi akakaa kwenye jiwe kimya, mi nikakaa naye. Angekuja ana 60 angefika juu. Iliniuma hiyo, mpaka leo.

Ila mji wa Rashid! Jamani. Tulichukua treni Cairo mpaka Alexandria, halafu gari kama kilometa 65 hivi, huko ndo tawi moja la Nile linaingia baharini (la pili liko Dumyat). Watalii wengi hawafiki, wanaishia kwenye mapiramidi na Luxor. Mzee akasimama pale akaanza kunifundisha kama mwanafunzi wake, kwamba tangu bwawa kubwa la Aswan likamilike 1970 tope linabaki kule juu, halifiki tena huku, ndo maana bahari inakula nchi kavu na wamejenga kuta kuizuia. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, nilikuwa sijaisikia miaka. Muuza samaki mmoja akatuuliza kitu kwa Kiarabu, mi nikamjibu tu "samaki", akacheka akanionyesha kapu, samak, samak. Akanyoosha mkono kwenye mto akasema bahr. Kumbe mto wao nao wanauita bahari! Mzee akarudia hilo neno njia nzima.

Sasa mambo ya kujua. Nendeni kuanzia Novemba mpaka Februari, joto la Aswan miezi mingine sio la kuchezea kwa mtu mwenye presha. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi na cheti cha daktari, zisiwe kwenye begi linaloenda chini. Mkikata tiketi ombeni kiti cha magurudumu cha uwanjani, ni bure, na msione aibu, mzee alikataa tulipokuwa tunaenda, tunabadilisha ndege Addis akatembea mpaka mguu ukavimba, kurudi akakubali mwenyewe. Na ndani ya ndege msikae tu masaa yote, simameni mtembee.

Halafu chanjo ya homa ya manjano. Hii watu hawaijui, ukishafika 60 na hujawahi kuchanjwa madaktari wanasita, maana kwa mtu mzima uwezekano wa madhara makubwa unaongezeka. Mzee ilibidi apimwe na kuulizwa maswali wiki mbili ndo wakakubali. Kadi yenyewe tangu 2016 ni ya maisha, sio miaka 10 kama zamani, kwa hiyo ukichanja sasa una 54 hiyo itakupeleka popote hata ukiwa na 75. Mwenye mume au mke ambaye hajachanjwa aende naye kituo cha chanjo wiki hii, hata kama safari bado hamjajua ni ya wapi.