Tumeambiwa maji ni salama. Ugumu wake je?

Ndugu Mhariri,

Wanaotusambazia maji hapa kitongojini wametujibu. Baada ya wakazi kulalamika kwamba maji ya bomba yanaacha chokaa kwenye kila kinachoguswa nayo, limebandikwa tangazo fupi: maji yamepimwa, ni salama kwa kunywa. Tunashukuru, na mimi naamini. Ila hilo hakuna aliyeliuliza. Tulichotaka kujua ni ugumu wa maji hayo ni miligramu ngapi kwa lita, na tarakimu hiyo hatujapewa hadi leo.

Kwanza niwaombe majirani tuache hofu zinazozunguka mtaani, maana zinatuharibia hoja. Maji huwa magumu yanapopita kwenye miamba kama ya chokaa na kuyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo mwili wenyewe unayahitaji. Shirika la Afya Duniani halijaweka ukomo wa kiafya kwa ugumu wa maji. Wanaodai maji haya yanaleta mawe kwenye figo wanadai jambo ambalo utafiti haujalithibitisha. Hata kwa watoto wenye ukurutu, jaribio kubwa lililofanyika Uingereza na kuchapishwa 2011 lilifunga mashine za kulainisha maji kwenye nyumba za baadhi yao. Ngozi zao hazikupona kuliko za wenzao waliotibiwa kwa kawaida tu. Tukienda kulalamika kwa hoja ya ugonjwa, watatushinda asubuhi na mapema. Hoja yetu ni vyombo, sabuni na umeme.

Anayebisha afungue hita yake ya maji. Koili iliyonunuliwa ikiwa inang'aa imevaa gamba jeupe lenye rangi ya majivu, gumu kiasi kwamba fundi huligonga kwa mpini wa bisibisi, likabanduka vipande kama maganda ya yai. Chini ya tangi kuna chembechembe nyeupe za kuzoa kwa kikombe. Kinachotokea ni hiki: maji yakipata moto, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, na madini yaliyokuwa yameyeyuka hugeuka kuwa kaboneti isiyoyeyuka, ambayo hunata palepale penye joto kali, yaani kwenye koili. Gamba hilo halipitishi joto vizuri. Koili inajiunguza yenyewe huku maji yakichelewa kuchemka, mita ya umeme inakimbia, na siku moja hita inakufa. Chokaa huganda kwa kasi zaidi joto likipita nyuzi 60, kwa hiyo aliyeweka hita yake kwenye 75 ashushe hadi 60. Asishuke chini ya hapo kama ni hita ya tangi, kwani kuna bakteria wanaostawi kwenye maji ya uvuguvugu.

Upande wa sabuni kila anayefua anaujua. Kalsiamu huidaka sabuni kabla sabuni haijaudaka uchafu, na badala ya povu unapata utando wa kijivu kwenye ukingo wa beseni, kwenye nywele na kwenye shati jeupe linalokakamaa kambani. Sabuni ya unga haiathiriki sana kama ya mche. Magadi ya kufulia yakitangulia kutiwa kwenye maji nayo husaidia. Birika na kichwa cha bomba la mvua husafishika kwa siki au ndimu, lakini jamani, msichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Sasa, pengo la tarakimu hiyo limejazwa na wauzaji wa vichujio. Wanabisha hodi, wanaomba glasi ya maji ya bomba, wanatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma na kukichomeka kwenye umeme. Dakika chache tu, maji yanakuwa ya kahawia, yana mapande yanayoelea, na mama mwenye nyumba anashika kichwa. Glasi ya pili, ya maji yaliyotoka kwenye mashine yao, inabaki safi. Uchafu ule ni kutu ya vijiti vyenyewe! Maji yenye madini hupitisha umeme na kukila chuma. Yaliyoondolewa madini karibu yote hayaupitishi vizuri. Mchezo huo hauonyeshi kama maji yako ni machafu, wala hauonyeshi ugumu wake. Chujio la kawaida la mkaa au la kuzuia mchanga nalo haliondoi kalsiamu iliyoyeyuka, kama vile shabu isivyoiondoa.

Mashine ya kulainisha kweli ipo. Ina punje za plastiki maalumu zinazochukua kalsiamu na kuachia sodiamu, na huhitaji kulishwa chumvi mara kwa mara. Lakini kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa, lita ya maji huongezewa takriban miligramu 46 za sodiamu, ndiyo sababu bomba la jikoni hushauriwa liachwe bila kulainishwa, hasa kwa anayechanganya maziwa ya mtoto mchanga au aliyekatazwa chumvi na daktari. Je, familia inaihitaji mashine hiyo? Kwa mgawanyo wa wanajiolojia wa Marekani, maji yenye hadi miligramu 60 kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, yaani ile chokaa ya kwenye koili, ni laini; yakizidi 120 ni magumu, na yakizidi 180 ni magumu sana. Mwenye 130 anaweza kuishi na siki yake na magadi yake. Mwenye 400 ana hesabu nyingine kabisa. Sisi tunanunua kwa kubahatisha.

Tumeambiwa pia, kwa mdomo, kwamba ardhi ndiyo ilivyo na hakuna la kufanya. Mwaka 1841 mkemia Thomas Clark wa Aberdeen alisajili hataza ya kulainisha maji kwenye chanzo kwa kuyatia chokaa iliyozimwa kwa maji, ambayo huyafanya madini ya chokaa yaliyokwisha kuyeyuka humo yagande na kutuama. Njia hiyo ingali inatumika mitamboni. Kama gharama yake ni kubwa kwetu, watuambie ni kubwa kiasi gani, tuamue kama wateja. Gharama ya sasa tunalipa tayari, ila kila mtu peke yake, kwa fundi wake.

Naomba tarakimu mbili kwenye ankara ya kila mwezi: ugumu wote wa maji, na sehemu yake inayoondoka kwa kuchemsha. Na siku wanapotuhamisha kutoka maji ya mto kwenda ya kisima kirefu, watutumie ujumbe wa simu. Namba zetu wanazo, wakitudai hawazikosei.

Mteja wa maji,
Kitongojini