Mhariri, tuwekeeni na saa za maji kujaa

Ndugu Mhariri,

Mimi nna vyumba vitatu vya kulaza wageni huku Jambiani, na leo naandika kwa sababu nimechoka kulaumiwa makosa ya mwezi. Wiki iliopita kaja bwana mmoja na mkewe na watoto wawili kutoka Dar, wamefika saa 4 asubuhi, watoto nguo za kuogelea wameshavaa ndani kwa ndani, yule mdogo katoka mbio mpaka ufukweni mara karudi ananiuliza babu, bahari iko wapi? Kweli haipo. Mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, mawimbi unayasikia kwa mbaali kule mwambani. Baba mtu akaanza, mbona kwenye picha maji yalikuwepo. Picha nilipiga mwenyewe sikatai, ila nilipiga saa 10 jioni.

Sasa jamani mnaopanga kuja Unguja, kabla ya kuulizia bei ya chumba angalieni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanatoka sana na yanajaa sana, na huku kwetu siku hizo yanakuwa yamekupwa kabisa kama saa 4 asubuhi halafu yamejaa saa 10 alasiri, kila siku yanachelewa kidogo, kama dakika 50 hivi. Katikati hapo, tarehe 7, 8 au 22, 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na asubuhi unayakuta. Kalenda ya Kiislamu ukutani kwa jirani yako inatosha, huna haja ya programu ya simu. Na haya ni ya pwani ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe. Kama wewe raha yako ni kuogelea tu toka asubuhi mpaka jioni nenda Kendwa au Nungwi kule kaskazini, maji hayaendi mbali, nnakwambia hivi na biashara yangu iko huku.

Lakini maji yakitoka siyo kwamba hakuna kitu, hapo ndio Jambiani yenyewe inaanza. Kina mama wanashuka kwenye mwani, kilimo kilichoanza huku 1989, utawaona wameinama wanafunga mbegu kwenye kamba. Unaweza kushuka nao ila usikanyage kamba zao, na picha omba kwanza, mtu yuko kazini. Vaa yeboyebo, kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu, ukikikanyaga kimoja safari imekwisha. Na usiende mpaka mwambani peke yako eti kwa sababu pakavu, maji yakirudi yanaanza kujaa kwenye mikondo iliyoko nyuma yako, unageuka unakuta njia uliyojia haipo, kila mwaka tunawafuata watu na ngalawa. Mzee wa kijiji akikwambia rudi, rudi, usimuulize kwanini.

Mengine madogo madogo. Masika, Aprili na Mei, bei zinashuka ila mvua usiilaumu nayo. Upepo wa kusi ukivuma, Juni mpaka Septemba, hakuna joto sana, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada wanajaa Paje, ila boti ya kutoka Dar inacheza, kula kidogo kabla ya kupanda. Kitambulisho usisahau. Jamaa zetu wa diaspora mlioshika pasi za kigeni, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima, dola 44, mlipe kabisa kabla hamjafika mpunguze foleni. Mjini Unguja ulizia daladala 309 ndio ya Jambiani, inakwenda taratibu na inapakia mpaka magunia lakini nauli yake huwezi kulinganisha na teksi, ila usiisubiri usiku. Na ukitoka ufukweni kuingia kijijini jifunge kanga, hata shati tu, tunaishi humo na watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani.

Yule bwana wa Dar mwisho alikaa siku tatu, saa 10 ikifika kuwatoa watoto majini ilikuwa kazi. Kaondoka vizuri tu, lakini ile asubuhi ya kwanza alishanitukana.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Gazeti lenu linaweka nyakati za sala, linaweka hali ya hewa, basi chini yake ongezeni mistari miwili tu, maji kujaa saa ngapi na kukupwa saa ngapi. Wavuvi hawana shida nayo, wao wanajua. Ni kwa ajili ya wageni, na sisi tunaolaumiwa.

Mkaazi wa Jambiani,
Kusini Unguja