Mashine pepe inasema gigabiti 10, mbona faili linatambaa?

Mteja anafungua mipangilio ya mtandao ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva), anaona 10 Gbps, anafurahi. Ananakili faili kubwa kwenda seva nyingine, kasi inagota kwenye megabaiti 110 kwa sekunde. Hapo ndipo simu yetu inapolia.

Namba ile haikupimwa na mtu. Kadi ya mtandao ya mashine pepe ni programu tu, nayo hutangaza kasi iliyoandikiwa. Vmxnet3, kadi ya aina hiyo kutoka VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, husema gigabiti 10 hata kama seva yenyewe imechomekwa kebo ya gigabiti 1. Data ikishatoka nje ya seva, kebo ndiyo yenye kauli. Gigabiti 1 ni sawa na megabaiti 125. Ukiondoa vichwa vya pakiti, yaani taarifa za anwani zinazotangulia kila kipande cha data, zinabaki kama 117. Kwa hiyo huyu wa 110 mtandao wake ni mzima kabisa. Na mashine pepe mbili zilizo ndani ya seva moja zaweza kuipita kasi ya kebo, maana data yao haitoki nje. Hapo kinachobana ni prosesa.

Ukipata chini sana ya 110 kupitia kebo, anza na aina ya kadi pepe. E1000 huiga kadi halisi ya Intel, na kuiga huko humchosha prosesa kwa kazi isiyo na faida. Vmxnet3, au virtio kwa wanaotumia KVM (mfumo wa mashine pepe wa Linux), zimetengenezwa zikijua hazina chuma chini yake, ndiyo maana ni nyepesi. Linux huwa inazo tayari. Kwenye Windows weka draiva (programu ya kuiendesha kadi) kwanza. Tena andika pembeni anwani ya IP kabla ya kubadilisha, kwani Windows itaiona kadi mpya na mipangilio ya zamani haitaifuata. (Ukisahau hili usiku wa manane, ukiwa umeunganishwa kwa mbali, utajuta.)

Usipime kwa kunakili faili. Hapo unapima pia diski na programu ya kuzuia virusi. Tumia iperf3, programu inayopima mtandao peke yake.

Kadi za gigabiti 10 tunauza, ila hatukuuzii kabla ya kuona vipimo vitatu: seva hadi seva bila mashine pepe, mashine pepe hadi seva nyingine, na mashine pepe mbili ndani ya seva moja. Ututumie vipimo hivyo, pamoja na aina ya kadi uliyoichagua.