Gego langu lilizibwa mizizi ila bado linauma, nifumue au ning'oe?

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana hapa nilipo nimechanganyikiwa.

Mwezi wa tatu nilitibiwa mzizi wa gego la chini kulia kwa daktari mmoja hapa Morogoro. Nimeenda mara tatu, nikachomwa ganzi, akatoboa akasafisha akaziba, nikalipa laki mbili na nusu nikajua nimemalizana nalo. Wapi! Wiki tatu tu nikitafuna upande ule hata wali nashtuka kama nimepigwa shoti, usiku linapwita, nikirudi naambiwa vumilia mama litatulia, napewa diklofenaki ya kutuliza maumivu na antibayotiki. Nimevumilia miezi minne jamani.

Juzi dada akanipeleka kwa daktari mwingine, huyu akapiga eksirei kwa kuilaza mashine kidogo pembeni, akanionyesha kwenye kompyuta. Kumbe gego hilo kwa kawaida lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, langu mimi lina mitatu! Huo wa tatu ni mdogo, umejipinda, umejibanza upande wa ulimi, ndo maana kwenye picha ya kwanza iliyopigwa kwa kunyooka ulijificha nyuma ya mwenzake. Ile miwili imezibwa vizuri tu, huo haujaguswa kabisa na kwenye ncha yake kuna kivuli cheusi, anasema ni maambukizi. Yule daktari wa kwanza hakumlaumu, kasema wapo watu wanazaliwa hivyo.

Sasa anataka niende Dar kwa bingwa wa mizizi mwenye hadubini, lipigwe CT, ile picha inayoonyesha jino pande zote, lifumuliwe, yaani lifunguliwe tena lisafishwe upya, atafutwe huyo mzizi mtoro, halafu livishwe kofia ya jino lisije likapasuka. Ila kanitahadharisha, mzizi uliojipinda hivyo kile kisindano cha kusafishia kinaweza kukatikia ndani. Mume wangu anasema ng'oa tu, jino la nyuma nani analiona. Mama mkwe yeye aling'oa magego yote, anatafuna kwa mbele kama sungura, nikimwangalia naogopa! Na daktari kasema nikiacha pengo, jino la nyuma yake litalilalia na la juu litashuka.

Aliyewahi kufumuliwa jino lililokwisha zibwa, lilipona kweli? Na je, ni haki kumwomba yule wa kwanza anirudishie hata nusu ya hela, au nitaonekana mkorofi? Mume kasema nimpe jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ada za watoto zinakuja.

Mama wawili, Morogoro