Mjomba, waandike watoto wa Kusini kama walivyo

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hadithi zako nimezisoma zote, za watoto wadogo na ile ndefu ya vijana. Kiswahili chako kitamu, na Newala naiona kabisa: ukungu wa asubuhi, Shimo la Mungu, foleni ya ndoo kwenye bomba.

Lakini wasichana wako wamenihuzunisha. Kila anayetokea anachota maji, anafagia, anambeba mdogo wake, kisha hadithi inaondoka na kaka yake. Kaka ndiye anayemnasa mwizi wa korosho, kaka ndiye anayepanda basi kwenda Mtwara mjini. Bibi yupo, ila hana analoamua.

Wewe ni Mmakonde. Unajua kuliko mimi kwamba kwetu ukoo ulihesabiwa kwa mama, ndiyo maana jambo hili nimelileta kwako mjomba kwanza. Wayao, Wamakua na Wamwera nao vivyo hivyo. Wanawake wa huku wana mikorosho yao, wanapeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi na kusubiri malipo ya mnada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Pwani wanalima mwani, na maji yakipwa wanashuka kusaka pweza. Porini wanachimba ming'oko, viazi vya mwituni. Binti anayefuatana na mama yake kuchimba ming'oko hujifunza kuutambua mmea wenyewe kati ya mimea mingine, na kufukua bila kukikata kiazi. Mimi ningesoma hiyo kwa hamu kuliko habari za mwizi wa korosho.

Wenzetu nao wamepita humo. Mwaka 2011 Janice McCabe na wenzake walichapisha utafiti wa vitabu vya watoto karibu 6,000 vilivyotoka Marekani kati ya 1900 na 2000. Kwa wastani wa kila mwaka, asilimia 57 ya vitabu vilikuwa na mhusika mkuu wa kiume, na asilimia 31 tu wa kike. Kwa wanyama pengo lilikuwa kubwa zaidi. Sungura na fisi wetu hawana sababu ya kuwa madume daima. Mara nyingi ni mchoraji tu anayewavalisha kanzu na koti. Mwambie wa kwako kwamba Sungura wa hadithi ya tatu ni mama, na ujanja wake ubaki ule ule.

Wavulana sitaki uwashushe. Nataka uwafungulie mlango. Yule kijana wako katoka jando, hakanyagi tena jikoni, na babu yake akifa hatoi chozi. Sasa mfikirie mvulana wa darasa la sita ambaye ndiye anayesonga ugali nyumbani kwa sababu mama yuko shamba. Akisoma hayo atajiona ana kasoro, na hana.

Mtoto mwenye ualbino naye umemleta ili aokolewe. Mpe kofia pana, mkalishe mbele karibu na ubao maana macho yake hayaoni mbali, kisha mwache awe mtundu kama wengine.

Kitabu cha vijana ndicho kimenikosesha usingizi. Binti anapata mimba kidato cha pili, anafukuzwa, anaozwa, basi. Mjomba, tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule. Mrudishe darasani, kwa sababu ugumu wenyewe unaanzia hapo. Nani anabaki na mtoto saa za masomo? Maziwa yakimjaa katikati ya kipindi cha hesabu anafanyaje? Rafiki yake wa zamani anakaa naye dawati moja, au anahama? Wasichana wa Tandahimba na Nachingwea wanaopitia hayo wanastahili kuyakuta kitabuni, yameandikwa kwa heshima.

Na yule mvulana aliyempa mimba? Umemwacha apotee katikati ya kitabu, hali yeye hakukosa hata siku moja ya shule. Mlete tena. Muulize kama anajua jina la mtoto wake. Sura hiyo niandikie kabla hujapeleka mswada kwa mchapishaji. Nitaisoma usiku huo huo nitakaoipata.

Mpwa wako